Wanyama wa Karatasi: Nyanza Ilivyogawanywa Katika Katuni

Mwishoni mwa Aprili 1890 msafara mrefu wa wapagazi na askari uliondoka Bagamoyo kuelekea bara. Kiongozi wake alikuwa Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan, kwa niaba ya Misri. Msafiri Henry Stanley alikuwa amemfikisha pwani miezi michache tu kabla, Desemba 1889. Sasa alikuwa anarudi bara akiwa mtumishi wa Kaisari, na kazi aliyopewa ilikuwa kuitanguliza Ujerumani kwenye nchi za maziwa makuu kabla Waingereza hawajajikita huko. Siku hizo hizo, London, gazeti la Punch lilichapa katuni iliyomwonyesha tai wa Ujerumani akiishukia Afrika kutoka angani.

Tai yule wa karatasi alitua kwetu. Novemba 1890 Emin alifika ufuoni mwa Nyanza, yaani Ziwa Viktoria, upande wa magharibi, akaanzisha kituo cha kijeshi kilichokuja kuwa mji wa Bukoba. Kutoka hapo kwenda kusini, kwa Ihangiro hadi Kimwani, nchi iliingia katika ramani ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona. Mambo ya wakati ule tunayajua kwa sehemu kubwa kutokana na barua za maofisa, shajara za wamisionari na masimulizi ya wazee wa koo. Lakini upo ushahidi mwingine ambao hautazamwi sana: michoro ya kejeli ya magazeti ya Ulaya, ambamo wakubwa wa dunia waligeuzwa wanyama na nchi za watu zikageuzwa mawindo. Nimeitazama kwa muda mrefu nikitafuta kilichomo na kisichokuwamo, na hicho cha pili ndicho kilichonifanya niandike.

Ufundi wa kumvisha mtu ngozi ya mnyama ulikuwa mkongwe Ulaya. Mwaka 1545, Martin Luther akiwa amebakiwa na mwaka mmoja wa kuishi, karakana ya mchoraji Lucas Cranach ilitoa chapa za mbao za kumshambulia Papa. Katika mojawapo Papa amempanda nguruwe jike kama farasi, na mkononi ameshika kinyesi kinachofuka moshi. Chapa kama hiyo haikuhitaji msomaji anayejua kusoma. Mkulima aliiona sokoni, akacheka au akakasirika, akaenda kuwasimulia wa nyumbani. Hiyo ndiyo nguvu iliyowatia watawala hofu kuliko vitabu.

Miaka 246 baadaye nguruwe alipanda cheo, akawa mfalme. Juni 1791 Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa alijaribu kutoroka na familia yake, akakamatwa katika mji mdogo wa Varennes na kurudishwa Paris. Mitaani zikauzwa picha zilizoionyesha familia nzima ya kifalme kama nguruwe waliopakiwa kwenye mkokoteni, wakirejeshwa zizini. Tuifikirie picha hiyo kwa macho ya Mfaransa wa wakati ule, aliyefundishwa tangu utoto kwamba mfalme ametiwa mafuta na Mungu mwenyewe. Ukishamwona mtu huyo ana pua ya nguruwe, huwezi tena kumwona kama zamani. Mfalme alikatwa kichwa Januari 1793. Karatasi ilikuwa imekwisha kumvua taji.

Uingereza nguruwe alifuata njia tofauti. Mwaka 1790 mwanasiasa Edmund Burke, katika kitabu chake cha kuyalaani mapinduzi ya Ufaransa, aliwafananisha watu wa kawaida na kundi la nguruwe litakalokanyaga elimu kwa kwato zake. Watu wa kawaida walilishika tusi hilo wakalifanya bendera. Thomas Spence, muuza vitabu maskini, alianza mwaka 1793 kutoa jarida la bei ndogo alilolipa jina la chakula cha nguruwe. Daniel Isaac Eaton naye akatoa lake lililotajwa kwa makombo wanayomwagiwa nguruwe. Eaton alishtakiwa kwa kuchapa hadithi ya jogoo dhalimu aliyekatwa kichwa, serikali ikidai kwamba jogoo huyo ni Mfalme George wa Tatu. Mawakili wake wakaiweka serikali pabaya: kama jogoo dhalimu ni mfalme, basi ni mwendesha mashtaka mwenyewe aliyemwita mfalme dhalimu. Mwaka 1794 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru.

Nimekaa kwa nguruwe hawa kwa sababu wanaonyesha jinsi mnyama wa kwenye chapa anavyohama. Leo ni Papa, kesho ni mfalme, keshokutwa ni umma. Yeyote mwenye kalamu na karatasi anaweza kumwelekeza kwa amtakaye, na aliyetukanwa akiwa na kalamu yake anaweza kumgeuza akamrudishia mwenyewe. Swali kubwa ni nani ana kalamu. Katika Ulaya ya miaka ya 1790 hata maskini kama Spence alikuwa na yake. Wakati Nyanza inagawanywa, miaka 100 baadaye, waliokuwa wanagawanywa hawakuwa nayo.

Punch lilianzishwa mwaka 1841, na hadi kufikia miaka ya 1890 lilikuwa limekwisha kuwa gazeti la mezani la waungwana. Mchoraji wake mkuu alikuwa John Tenniel, yule yule aliyechora picha za kitabu cha Alice na sungura mwenye saa mfukoni. Kila Jumatano wahariri na wachoraji walikula pamoja chakula cha jioni, na hapo mezani wakaamua katuni kubwa ya wiki itahusu nini. Kisha mchoro ulichongwa kwenye bamba la mbao na kupigwa chapa. Mara nyingi nchi ilikuwa mnyama: Uingereza simba, Urusi dubu, Ujerumani tai. Ilikuwa lugha ya mkato. Msomaji hakuhitaji maelezo marefu kujua nani anamtishia nani.

Tai wa Aprili 1890 hakupata kila alichokitaka. Tarehe 1 Julai mwaka huo Uingereza na Ujerumani ziliwekeana mkataba. Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza, Ujerumani ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland huko Bahari ya Kaskazini, na juu ya maji ya Nyanza ukapigwa mstari unaofuata nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Emin alikuwa bado njiani. Bukoba, iliyo kusini kidogo ya mstari huo, ikabaki upande wa Ujerumani. Buganda ikaenda kwa Waingereza. Magharibi ya ziwa mstari ule haukuujali mto Kagera, ukaacha kipande cha ardhi ng'ambo ya kaskazini ya mto kikiwa upande wa Bukoba. Ndicho kipande ambacho Idi Amin, mtawala wa Uganda, alikuja kukidai mwaka 1978 kwamba ni chake.

Katuni za mwaka ule zinahesabika kwa tai na simba. Lakini mnyama aliyebadili maisha ya watu wa Buhaya, nchi ya Wahaya inayoizunguka Bukoba, katika miaka ile hakuwa mmoja wa hao wawili. Alikuwa ng'ombe.

Sotoka, tauni ya ng'ombe, ilishuka kutoka Pembe ya Afrika, ambako iliingia mwishoni mwa miaka ya 1880, ikafika nchi za maziwa makuu kati ya 1890 na 1891. Ng'ombe walianza kutokwa na machozi na makamasi, wakapata vidonda mdomoni, wakaharisha, na baada ya siku chache wakaanguka. Karagwe, Ankole na Buhaya walipoteza sehemu kubwa kabisa ya mifugo yao. Kwa mtu asiyeijua nchi hii hilo linaweza kuonekana janga la wafugaji peke yao. Ardhi ya Buhaya kwa asili ni hafifu. Mvua nyingi huosha rutuba yake. Kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kimejengwa kizazi baada ya kizazi kwa samadi ya ng'ombe wanaolishwa nje kwenye nyasi za rweya na kurudishwa nyumbani jioni. Ng'ombe ndiye anayehamisha rutuba kutoka rweya kuipeleka kwenye mgomba. Akifa, ndizi nayo inadhoofika mwaka hadi mwaka, na kwa Mhaya ndizi ndiyo chakula, ndiyo pombe ya sherehe, ndiyo kivuli cha kaburi la babu.

Kwa hiyo Wajerumani walipoanza kujenga boma lao Bukoba, waliikuta nchi inayoelekea kuvunjika mgongo. Mkama, yaani mfalme, aliyekuwa akiwafunga wafuasi wake kwa kuwagawia ng'ombe hakuwa tena na ng'ombe wa kugawa. Ndui na funza viliongezea mateso katika miaka ile ile. Historia ya jinsi watawala wa Buhaya walivyokubali bendera ngeni haiwezi kuandikwa bila mizoga ile. Na katika katuni zote za kugawanywa kwa Afrika nilizoziona, sijamkuta ng'ombe hata mmoja anayekufa.

Mnyama aliyefuata katika Punch alikuwa tembo. Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilikuwa imempeleka Kapteni Frederick Lugard Buganda mwishoni mwa 1890. Januari 1892 vita vilizuka Mengo, makao makuu ya Buganda, kati ya Waganda wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki, na bunduki za Lugard zikaamua mshindi. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikimbia kusini hadi upande wa Wajerumani, na Askofu Jean-Joseph Hirth wa Mapadre Weupe naye akaja huku na watu wake. Misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, ambayo ndiyo mama wa makanisa ya Kikatoliki ya Kagera, ilianzishwa mwaka huo huo wa 1892. Dini iliyokuja kujaza Rubya na vijiji vyote vya Muleba ilifika kwa njia ya wakimbizi wa vita hivyo.

Kampuni ilishinda vita lakini hazina yake ikakauka. Ilitangaza kwamba itaondoka Uganda mwishoni mwa mwaka, na baraza la mawaziri la waziri mkuu Gladstone likagawanyika: mzee mwenyewe hakuutaka mzigo huo, waziri wake wa mambo ya nje, Rosebery, aliutaka. Tarehe 22 Oktoba 1892 Punch likachapa katuni ya tembo mweupe. Uganda ndiye tembo. Mwenye mnyama, ambaye ni Kampuni, anamwambia John Bull, yule bwana mnene anayesimama badala ya taifa la Uingereza, kwamba mnyama ni mzuri kumtazama ila yeye amemshinda, na asipopata wa kumchukua itabidi amwachie aende zake. Hekaya yenyewe ilitoka Siam, ambako inasemekana mfalme akitaka kumfilisi mtu humzawadia tembo mweupe: hawezi kumkataa, hawezi kumtumikisha, na kumlisha kutammaliza.

Siku moja baada ya tarehe ya gazeti hilo, tarehe 23 Oktoba 1892, Emin Pasha aliuawa katika misitu ya mashariki ya Kongo. Alikuwa ameondoka Bukoba mapema 1891, akiwa hatii tena amri za wakubwa wake, na hadi mwisho aliendelea kukusanya ngozi za ndege na wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Ulaya. Alikuwa mjuzi wa kweli wa ndege. Wanyama wa Nyanza waliopita mikononi mwake walipimwa, wakaandikiwa vibandiko na kuhifadhiwa kwa uangalifu mkubwa. Watu wa Nyanza, katika karatasi za London, walikuwa wamekusanywa wote ndani ya mwili wa tembo mmoja anayeuzwa.

Kuhusu tembo huyo nina neno. Mchoraji alitaka kuikejeli Kampuni na serikali yake, na kwa Waingereza alifaulu. Lakini mfano aliouchagua ulikubali jambo zima ambalo lilipaswa kuulizwa. Tembo anayeuzwa ana mwenyewe. Mjadala wote unabaki ni bei na gharama za kumlisha. Kwamba mnyama huyo ni nchi yenye Kabaka, yenye baraza lake la Lukiiko, yenye watu waliokuwa wamechinjana miezi tisa tu kabla kwa sababu ya siasa za wageni, hakumo. Kejeli inaweza kumchoma mtawala kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukimfungulia mlango. John Bull alimnunua tembo wake: Uganda ikatangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1894, na reli ikajengwa kutoka Mombasa hadi ufuoni mwa Nyanza, ikafika Kisumu Desemba 1901. Kwa meli na reli hiyo ya Waingereza ndipo kahawa ya Bukoba, nchi ya Wajerumani, ikapata njia ya haraka ya kufika baharini.

Wajerumani nao walikuwa na wakejeli wao, tena wakali zaidi. Simplicissimus lilianzishwa Munich mwaka 1896 na Albert Langen, na alama yake, mbwa mwekundu aliyekata mnyororo, ilichorwa na Thomas Theodor Heine. Mwaka 1898 walimkejeli Kaisari kwa safari yake ya Palestina. Heine alifungwa miezi sita gerezani. Langen alikimbilia nje ya nchi akakaa huko miaka mitano. Watu hao walijua gharama ya kuchora.

Mwaka 1904, Waherero wa koloni la Wajerumani la Afrika ya Kusini-Magharibi wakiwa wamekwisha kuasi tangu Januari, Simplicissimus lilitoa toleo maalumu kuhusu makoloni. Heine alichora picha nne, kila moja ikionyesha jinsi taifa mojawapo la Ulaya linavyotawala. Mwingereza amemweka Mwafrika kwenye mtambo wa kukamulia: mmoja anamnywesha pombe kali, mwingine anamkamua sarafu, na kasisi anamsomea Maandiko. Wafaransa wako kwenye mahaba. Mfalme Leopold wa Ubelgiji anamla Mwafrika aliyechomwa motoni. Na Mjerumani? Mjerumani amewapanga twiga mstari, wanapiga gwaride kwa kunyoosha miguu kama askari wa Prussia mbele ya ofisa, mamba amefungwa kifunga-mdomo kama mbwa wa mjini, na kwenye mti kuna ubao wa marufuku unaokataza kutupa takataka na theluji.

Mtu wa Kimwani anawajua twiga. Pori la Burigi, ambalo sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019, liko upande wake wa magharibi. Anajua kwamba twiga hapigi gwaride. Kwa hiyo picha ya Heine anaielewa mara moja, pengine upesi kuliko Mjerumani aliyechorewa. Nimeona watu wakiisifu kama katuni bora kabisa dhidi ya ukoloni, na katika nne zile hakika zipo tatu zinazouma. Hii ya nne inauma kidogo kuliko zote, na ndiyo inayotuhusu sisi. Katika makoloni ya wengine Heine alimwona Mwafrika anayekamuliwa, anayeliwa. Katika makoloni ya nchi yake aliona urasimu tu, ukiwaonea twiga na mamba. Mwafrika kwenye picha ya Kijerumani hayupo. Mwaka ule ule jenerali wa Kijerumani von Trotha alikuwa anawasukuma Waherero jangwani wafe kwa kiu, na mwaka uliofuata, Julai 1905, Vita vya Maji Maji vikaanza katika vilima vya Matumbi.

Bukoba haikuingia katika Maji Maji. Huko Wajerumani walitawala kupitia wakama, na Kahigi wa Kianja akawa rafiki yao mkubwa akatanuliwa mipaka yake. Gwaride lililokuwapo lilikuwa la kodi ya nyumba, la kazi za barabara, na la wapagazi. Mchoraji mmoja wa Munich angeweza kulichora, kama angekuwa na wa kumsimulia.

Aliyesimuliwa alikuwa Linley Sambourne, aliyekalia kiti cha Tenniel katika Punch. Wamisionari, mabalozi na Chama cha Marekebisho ya Kongo, kilichoundwa 1904, walikuwa wamefikisha Ulaya picha za watu waliokatwa mikono katika Kongo ya Leopold. Tarehe 28 Novemba 1906 Sambourne alichapa katuni ya nyoka mkubwa wa mpira mwenye kichwa cha Leopold, ndevu zake ndefu na yote, amejiviringisha mwilini mwa Mwafrika anayejinyonganyonga ili ajinasue. Kwa nyuma mwanamke anakimbia na mtoto. Hapa mnyama ni mtawala na mtu ni mtu. Kwangu hiyo ndiyo katuni iliyo sawa kuliko zote za zama zile, na ilikuwa sawa kwa sababu mchoraji alikuwa na ushahidi mezani. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, ikachukuliwa na serikali ya Ubelgiji.

Tusije tukadhani kwamba kumchora mtu mnyama ni silaha ya wanyonge daima. Paris, mwaka 1899 na 1900, mchoraji aliyejiita V. Lenepveu alitoa mfululizo wa mabango ya rangi dhidi ya Kapteni Alfred Dreyfus na waliomtetea. Dreyfus, Myahudi aliyefungwa kwa kosa ambalo hakulitenda, ni nyoka wa vichwa vingi. Émile Zola, mwandishi aliyesimama kumtetea, ni nguruwe. Ni nguruwe yule yule wa 1791, lakini sasa anaelekezwa kwa mtu asiye na hatia na kabila lake lote. Na Mwafrika alichorwa kama nyani katika magazeti ya Ulaya na Marekani mara nyingi mno kiasi kwamba haihitaji mfano. Kwa Buhaya tusi hilo lina ukakasi wa pekee: Wahinda, ukoo uliotoa wakama wa nchi nyingi za huku, mwiko wao ni kima. Kila ukoo una mnyama wake ambaye haumli na haumdhuru, na kwa mnyama huyo watu wanatambuana na kuheshimiana. Kima aliyekuwa heshima ya mfalme huku, kule alikuwa dharau.

Kalamu ilipofika mikononi mwetu, wanyama walibadilika tena. Tanzania ya baada ya uhuru ilimjua kwanza Chakubanga, mtu na sio mnyama, aliyechorwa na Christian Gregory katika Uhuru. Kisha akaja panya. Ali Masoud, anayejulikana zaidi kama Masoud Kipanya, alimweka panya mdogo katika vibonzo vyake, na kwa miaka mingi wasomaji wa Mwananchi walifungua gazeti kumtafuta huyo kabla ya habari za ukurasa wa kwanza. Mtu mkubwa anasema lake, panya pembeni anasema lake, na la panya ndilo linalobaki kichwani. Huyu ni ndugu wa sungura wa hadithi za bibi zetu, mdogo anayemshinda fisi kwa akili. Hakuna nchi iliyofanywa mnyama hapa wala mtu aliyedhalilishwa. Mnyama amechukuliwa upande wa anayechora.

Nairobi walichagua ukali. Mapema 2012 wasanii wa michoro ya ukutani, pamoja na mpiga picha Boniface Mwangi, walichora barabara ya Muindi Mbingu mwanasiasa mwenye kichwa cha tumbusi, ndege mla mizoga, amekaa kitini kwa raha. Mwaka uliofuata tume ya mishahara iliupunguza mshahara wa mbunge kutoka karibu shilingi 851,000 kwa mwezi hadi 532,500. Wabunge wapya, waliokuwa hawajamaliza hata miezi mitatu kazini, wakaanza kudai urudishwe. Tarehe 14 Mei 2013 waandamanaji waliandamana hadi kwenye lango la Bunge wakamwaga damu na kuwaachia nguruwe hai wailambe. Polisi walitumia maji na mabomu ya machozi. Mwezi uliofuata wabunge waliukubali mshahara uliopunguzwa, wakapewa na fedha za magari. Juni 2014 vijana wawili wa Kampala nao wakapenyeza vitoto vya nguruwe vilivyopakwa rangi ya njano, rangi ya chama tawala, ndani ya viwanja vya Bunge la Uganda. Chapa ya 1791 ilikuwa imetoka kwenye karatasi ikaingia barabarani kwa miguu minne.

Tanzania nguruwe wa namna hiyo angekuwa jambo jingine. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivamiwa Dar es Salaam na nchi ikatikisika. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, si mbali na Kimwani, mgogoro wa nani achinje nyama uliua mtu. Bukoba na Muleba kitimoto, nyama ya nguruwe, ni chakula cha jioni cha watu wengi, lakini jirani yao Mwislamu hamgusi mnyama huyo wala hapendi kutajiwa. Mchoraji wa Tanzania anayemwacha nguruwe pembeni na kumchagua panya haonyeshi woga. Anajua anachora kwa ajili ya nani.

Nirudi kwa ng'ombe, maana yeye bado anadai. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakakishika kipande kile cha kaskazini ya mto Kagera, na pamoja na kuua na kubaka yakaswaga maelfu ya ng'ombe kuwapeleka Uganda. Redio na magazeti yakamjaza Nduli Amin midomoni mwa watu. Ng'ombe walioswagwa walibaki katika ripoti. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ugonjwa wa kwanza wa mifugo kufutwa kabisa na binadamu, na Kagera, moja ya nchi ilizoziumiza vibaya, haikuwa na picha hata moja ya kuukumbuka.

Michoro ile ya Punch na ya Simplicissimus leo haina mwenyewe wa kudai malipo. Sambourne alifariki 1910, Tenniel 1914, na Heine, aliyelazimika kuikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1933 kwa kuwa Myahudi, alifariki Stockholm mwaka 1948. Kila mwalimu wa historia wa Muleba anaweza kuichapa na kuibandika ubaoni. Makumbusho ya Kagera pale Bukoba, ambayo tayari yanaonyesha picha za wanyamapori wa mkoa huu, yangeweza kuitundika ukutani: tai, tembo, twiga na chatu, kwa mpangilio wa miaka. Nawaomba wenye mamlaka hayo wafanye hivyo. Na nawaomba vijana wachoraji wa Kimwani, Nshamba na Kamachumu wakae na wazee, wawaulize babu zao walisimuliwa nini kuhusu mwaka ambao mazizi yalibaki matupu, kisha wachore ng'ombe wa 1891 ili atundikwe katikati ya tai na tembo, mahali pake.